Kumi Nini?

Mizinga miwili, kilo 128. Babu aliisogeza karatasi karibu na macho, akaipeleka mbali, kisha akanirudishia kama mtu anavyorudisha chenji pungufu dukani.

"Mjukuu wangu," akasema, "nyuki wangu najua ni wachapakazi. Lakini si kiasi hiki."

Mzinga wa kwanza ulikuwa umetoa kilo 12, wa pili kilo 8. Mtoto wa darasa la pili angesema 20 huku akitazama dirishani. Programu yangu, niliyoikeshea siku tatu ili iwasaidie wafugaji nyuki wa upande wa Sikonge kuweka hesabu zao, ilisema 128, tena bila kigugumizi. Haikupiga kelele wala haikusimama. Ilichukua 12, ikachukua 8, ikazipanga bega kwa bega kama watoto mstarini, ikaniletea jibu.

Haikuwa imekosea. Mimi ndiye niliyekuwa sijaipa namba. Nilikuwa nimeipa herufi zilizovaa sura ya namba, na kwa lugha ya Python alama ya kujumlisha ina kazi mbili: ikikuta namba inazijumlisha, ikikuta herufi inaziunganisha. 12 na 8 zikiwa namba ni 20. Zikiwa maandishi ni 128, na hapo kompyuta imetenda haki kabisa.

Nilirudi mjini Tabora jioni ile nikiwa na aibu, nikabadilisha mstari mmoja. Badala ya kujumlisha mzinga kwa mzinga kwa mkono wangu, nikaitumia sum, ambayo hujumlisha orodha nzima kwa mara moja. Safari hii programu ililia. Ikaandika TypeError, kosa la aina, na chini yake maelezo kwamba kujumlisha hakuwezekani kati ya int na str, yaani kati ya namba kamili na maandishi. Nikashangaa: data ni ileile, asali ni ileile, mbona mwanzo ilinyamaza na sasa inalia? Jibu lake ni dogo na linafundisha. Kimyakimya, sum huanza kuhesabu kutoka sifuri, na sifuri yake ni namba halisi. Ilipotaka kuijumlisha na "12" yangu ya maandishi, namba na herufi zikakutana uso kwa uso, na Python haikubali kuwaozesha hao wawili kwa kubahatisha.

Nililala nikimshukuru yule aliyelia. Aliyenyamaza ndiye angeniaibisha mbele ya wafugaji wote.

*

Anayeandika programu hujifunza mapema kuuliza swali moja, na Python ina neno lake: type. Ukiandika type na jina la kitu kwenye mabano, inakujibu hicho ni kitu cha aina gani. Nikaiuliza kuhusu ile 12 yangu. Ikajibu: str.

Tungeweza kumaliza hapo. Tatizo ni kwamba ujumbe wa kosa unataja aina mbili zilizogombana na mstari ambao zilikutania, lakini haumtaji aliyezileta. Juu ya ujumbe huo Python huandika nyayo: mstari huu uliitwa na ule, na ule uliitwa na mwingine. Mgeni huzifuata nyayo hizo akidhani zitamfikisha kwa mwizi. Hazimfikishi. Zinaonyesha nani alimwita nani wakati wa kilio; hazionyeshi kile kitu kilizaliwa wapi. Kosa langu lililia kwenye mstari wa 41. Lilikuwa limefanyika kwenye mstari wa 6, pale nilipofungua faili la rekodi. Faili la aina ile, linalotenganisha safu kwa mkato, Python hulisoma lote kama maandishi. Hata mtu akiandika kwa kibodi, kile kinachoingia kwa input huingia kikiwa maandishi, hata kama ameandika umri wake au bei ya ng'ombe. Mlangoni, kila kitu ni herufi.

Hapo ndipo nilipoanza kuufikiria mji ninaoishi.

*

Tabora ilikuwa njia panda kabla haijawa na reli. Misafara iliyotoka pwani, Bagamoyo na jirani zake, ilipita Ugogo ikaingia Unyanyembe, eneo la Tabora, na hapo njia zikagawanyika: nyingine ikaelekea magharibi hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wapelelezi Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, sehemu ya Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, siku ya 134 tangu waiache pwani. Mizigo mingi haikubebwa na punda wala magari. Ilibebwa mabegani na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, karibu kilo 30.

Ndani ya mizigo hiyo ndimo ilimokuwa fedha ya safari, na fedha yenyewe ilikuwa nguo na shanga. Nguo zilipimwa kwa mkono, kwa shuka ya mikono minne, kwa doti ya shuka mbili. Shanga zilitungwa kwenye uzi, zikawa kete, na kete kumi zikafanya fundo. Mtu akitaka kununua mtama, maziwa au kuku, alifungua mzigo akahesabu.

Henry Morton Stanley, alipokuwa Unguja mwaka 1871 akijiandaa kumtafuta mmisionari Livingstone, aligundua kwamba kuhesabu ndiko kulikokuwa rahisi. Kazi ilikuwa kujua ushanga upi unapokelewa wapi. Unyamwezi walipokea shanga nyekundu na kukataa nyingine. Shanga nyeusi zilikuwa fedha Ugogo, lakini kwingine hazikuwa na thamani yoyote. Zile kubwa kama yai, sungomaji, zilipendwa Ujiji na ng'ambo ya ziwa, na kwingineko zilikataliwa. Ilimbidi Stanley akadirie atakaa siku ngapi katika kila nchi, ili abebe za kutosha za kila aina, asipungukiwe wala asizidishe. Burton na Speke waliomtangulia waliwahi kulazimika kutupa mafundo kwa mamia, kwa sababu mahali walipokuwa hayakununua kitu.

Hebu tulifikirie fundo moja kati ya yale yaliyotupwa. Halikuwa bovu. Halikuvunjika njiani, na aliyelinunua hakulaghaiwa. Lingebaki nchi moja nyuma, au lingesonga nchi moja mbele, lingelisha watu. Hesabu yake ilikuwa sahihi hadi punje ya mwisho. Kosa lake lilikuwa moja tu: lilifika mahali ambapo tendo lililotakiwa, kununua, halikuijua aina yake. Na kosa hilo halikufanyika pale lilipoonekana. Lilifanyika Unguja, dukani, siku mzigo ulipofungwa, mwenye mzigo akaandika kwenye daftari "shanga" akadhani amemaliza. Kati ya kosa na kilio chake kulikuwa na miezi ya jua, mito na malaria. Kwangu mimi kulikuwa na mistari 35.

*

Neno linaweza kuwa mlaghai mkubwa kuliko ushanga. Misafara ilikuwa na nguo nyeupe ngumu iliyoitwa merikani, kwa sababu ilitoka kwenye viwanda vya Marekani, na jina hilo limedumu hadi leo madukani. Lakini ushanga mweupe nao uliitwa merikani. Karani wa msafara akisoma kwenye daftari "merikani kumi", anapaswa kufikiri doti au kete?

Python iko hivyohivyo, tena zaidi. Ndani yake jina ni kibandiko tu, halibebi aina. Asubuhi naweza kuandika kwamba asali ni 12, namba. Mchana, mistari ishirini chini, nikaandika kwamba asali ni "nzuri sana", maandishi. Python haitanilaumu. Itabandua kibandiko huku na kukibandika kule. Ndiyo maana fundi mzoefu akikutana na kosa la aina halitazami jina la kitu na kusema, "Hii ni jumla, lazima iwe namba." Anakichapa kitu chenyewe kwenye skrini pamoja na aina yake, akikifuata kutoka mstari mmoja hadi mwingine, hadi aone ni wapi kilibadilika. Na hakichapi kwa print pekee, kwa sababu print huivua herufi nguo: 12 ya namba na "12" ya maandishi zote huonekana 12. Anakizungushia repr kwanza, ambayo huyaacha maandishi na alama zake za kunukuu, ili mdanganyifu aonekane na kilemba chake.

Toka mwaka 2015, kwa toleo la 3.5, Python imeruhusu rasmi kuandika kando ya jina aina inayotarajiwa: kilo ni int, mfugaji ni str. Ni desturi nzuri, na kuna vyombo vinavyosoma alama hizo na kukuonya kabla hujaendesha programu. Lakini Python yenyewe inapoendesha programu huzipita bila kuzitazama. Ni kama alama iliyochorwa kwa mkaa juu ya mzigo: inamsaidia msomaji, lakini haimzuii mtu kufunga kitu kingine ndani.

*

Kuna mzigo mmoja mbaya kuliko wote, nao ni mzigo mtupu. Wiki ya pili nilitaka kuzipanga rekodi za wafugaji kuanzia ndogo hadi kubwa. Nikaiambia orodha ijipange kwa sort, nikaupokea mrejesho na kuuweka chini ya jina lilelile. Nilipotaka rekodi ya kwanza, kosa la aina: kitu hiki ni NoneType, hakina cha kwanza wala cha mwisho. None ni neno la Python la "hakuna". Kumbe sort huipanga orodha mahali ilipo kisha hairudishi chochote, nami nikalibandika jina la rekodi zangu juu ya hicho "chochote". Ni kama nimemtuma mtu chumbani apange mizigo. Ameipanga vizuri, ametoka mikono mitupu kama inavyotakiwa, nami nikaichukua mikono yake mitupu nikaita ghala.

Makosa mengi ya aina ninayoyaona kwa vijana ninaowafundisha ni ya namna hii. Hawakuchanganya namba na herufi. Walidhani wamepewa kitu, kumbe hawakupewa.

*

Dawa ya kosa langu la kwanza niliikuta Ujiji, ndani ya maelezo ya mpelelezi Verney Lovett Cameron, aliyefika huko mwaka 1874. Soko la Ujiji lilikuwa na fedha yake, ushanga uitwao sofi, uliofanana na vipande vya shina la kiko vilivyovunjika. Asubuhi soko likifunguliwa, walikuwapo watu wenye mikoba iliyojaa sofi. Aliyekuja kununua akiwa na ushanga wa aina nyingine alibadilisha kwao kwanza, ndipo akaingia sokoni. Jioni soko likifungwa, wauzaji waliwarudishia wale wabadilishaji sofi zao. Na wabadilishaji walipata faida asubuhi, wakapata tena jioni.

Nadhani hakuna kitabu cha programu kilichonieleza jambo hili kwa ufupi huo. Mlangoni, badilisha. Ndani ya soko, kila mtu atumie sofi, asiwepo wa kusimama katikati ya vibanda akiuliza huyu ana ushanga gani. Unapotoka, badilisha tena. Kwenye programu yangu, int sasa inakaa mstari wa 7, mara tu baada ya faili kufunguliwa. Kila kilo inayoingia inageuzwa kuwa namba papo hapo. Katikati hakuna anayeuliza. Mwishoni, ninapotaka kuandika "Jumla ni kilo" na namba nyuma yake, naigeuza namba kuwa maandishi, kwa sababu ukijaribu kuunganisha maandishi na namba bila kugeuza, kosa la aina litakusubiri mlango wa kutokea pia.

Mbadilishaji mzuri naye hukataa. Mfugaji mmoja aliandika "12kg" badala ya 12. Hapo int iligoma, lakini safari hii haikusema TypeError. Ilisema ValueError. Tofauti yake ni ya kuangaliwa vizuri. Nilikuwa nimeipa int aina inayoijua, maandishi. Ila ndani ya maandishi hayo hapakuwa na namba safi. Aina ilikuwa sawa, thamani haikufaa. Ndivyo mbadilishaji anavyokuona umeleta ushanga anaoupokea, akaugeuza mkononi, akakuta umepasuka.

Na kama wale wa Ujiji, int nayo hula chake. Ukiipa 12.9 iliyo namba ya desimali, itakurudishia 12 bila kusema neno. Ile 0.9 imebaki kwenye mkoba wake. Kwa asali ya mwaka mzima, 0.9 zikikusanyika ni ndoo za watu. Nilipolitambua hilo nikaiondoa int pale mstari wa 7, nikaweka float, ambayo huziacha desimali zikae.

*

Sisi tunaosema Kiswahili tusingepaswa kuhitaji haya yote. Lugha yetu inauliza aina kabla hata hujamaliza sentensi. Mtu akikuambia "wawili", hujaona chochote bado, lakini unajua ni viumbe hai. Akisema "viwili", unajua si watu. Akisema "miwili", unaweza kufikiri mizigo, mizinga, miti. Namba yetu haitembei uchi, inavaa ngeli ya kile inachokihesabu. Ukisema "mizinga wawili", masikio ya kila aliyepo yanalia TypeError papo hapo, hata ya mtoto asiyejua neno ngeli.

Lakini vazi hilo lina tundu. Jaribu kuendelea: mitatu, minne, mitano, halafu? Sita. Saba. Halafu minane, vazi limerudi. Kisha tisa, kumi. Sita, saba na tisa tulizipokea kutoka Kiarabu, zikabaki kama zilivyokuja, hazikukubali kiambishi. Kumi ni yetu, lakini nayo haivai. Ndiyo maana mtu akisema "nipe wawili" hatuulizi kama anataka watu au viti, ila akisema "nipe kumi" lazima tuulize: kumi nini?

Namba za Python zote ni kama kumi. Hazivai chochote. Swali hilo limebaki kwa anayeziandika.

*

Nilirudi Sikonge baada ya wiki tatu. Nilimwamkia babu, akaitikia, nikamkabidhi karatasi mpya kabla sijakaribishwa kigoda. Mizinga miwili, kilo 20. Aliisoma yote, akapitisha ukucha juu ya kila mstari. Alifurahi. Kisha ukucha ukasimama kwenye jina la jirani yake.

"Na hii 20 ya huyu, umeipata wapi?"

"Kwenye daftari lake, babu. Ameandika 20."

"Alipima?"

Sikujua. Babu akaingia ndani, akatoka na dumu la njano la lita 20 lililojaa asali nyeusi ya miombo, akaliweka mbele yangu bila haraka. "Linyanyue."

Nililinyanyua kwa mkono mmoja likanirudisha chini. Kilo 20 nazijua, ni ndoo ya maji. Hii haikuwa hiyo. Asali ni nzito kuliko maji karibu mara moja na nusu, na dumu la lita 20 likijaa lina kilo kama 28. Jirani hakuwa na mizani. Aliandika dumu moja, lita 20. Babu alikuwa na mizani, akaandika kilo 20. Mimi nilizisoma zote mbili, nikazigeuza mlangoni, nikaziuliza aina zake, zikanijibu kwa sauti moja: float. Zikajumlishwa 40 bila kosa lolote, bila maandishi mekundu. Ilikuwa 128 nyingine, imevaa nadhifu zaidi.

Nikatoa kalamu, nikaandika pembeni ya karatasi majina mawili mapya: asali_kilo, asali_lita. Babu akatazama kwa shingo ndefu kama anayesoma barua ya mtu mwingine, hakusema kitu.

Alasiri tulitoka kwenda kuhesabu mizinga, maana nayo ilikuwa imeandikwa ovyo kwenye rekodi. Imetundikwa juu ya miti, mingine ya magome, mingine ya magogo, na ukiwa chini huwezi kuona yote ukisimama mahali pamoja. Babu alitangulia na fimbo yake, nami nyuma na daftari. Alihesabu kwa sauti, bila kunigeukia.

"Mmoja. Miwili. Mitatu. Minne. Mitano."

Akasimama. Akainua fimbo, akaielekeza juu kwenye tawi, kwenye mzinga wenyewe, akaishikilia pale hadi nilipoinua macho kutoka kwenye daftari.

"Sita," akasema.